Msiba unapoingia kwenye asasi ya kusaidia wenye matatizo ya ulaji: mwongozo kwa aliyeachiwa funguo

Mwanzilishi wetu alifariki usiku wa kuamkia Jumanne. Jumanne jioni ndiyo siku ya kikundi chetu cha kusaidiana, na yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango. Nilipofika nilikuta watu saba wamesimama nje, mmoja wao akiwa bado hana habari. Alikuwa ameshika mfuko wenye chakula chake cha jioni, kwa kuwa alikubaliana na mshauri wake kwamba siku za kikundi atakula pamoja na wenzake. Niliwaambia pale pale kwenye ngazi, kwa maneno niliyoyaokota njiani. Yule dada akaufunga mfuko, akaubana kwapani, na hakuufungua tena jioni ile.

Nikiulizwa namna ya kuongoza asasi kama yetu wakati wa msiba, naanzia kwenye mfuko ule. Kwingine huzuni hukaa moyoni na ofisini. Kwetu inakwenda moja kwa moja mezani. Tunaowahudumia wanaumwa au wametoka kuumwa; wengi wanaojitolea wana historia ya anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa), bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) au kula kwa kupitiliza; na mara nyingi kiongozi mwenyewe alianza kama mgonjwa au mzazi wa mgonjwa. Msiba ukiingia, ugonjwa hupata upenyo kwa wote hao kwa siku moja. Kwa hiyo kazi ina mpangilio: kwanza watu wapate kula na wawe salama, kisha waelezwe ukweli, kisha mambo ya ofisi, na mabadiliko makubwa yaje nyuma kabisa. Mimi nilianza na barua kwa wafadhili. Usifanye hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha habari, kisha pangilia nani ajue kabla ya nani

Una saa chache tu kabla habari haijakimbia. Ipigie familia simu wewe mwenyewe, usitegemee ujumbe uliosambazwa. Baada ya kuwapa pole, waulize mambo matatu: wangependa lisemwe nini kuhusu sababu ya kifo, wanaridhia wanachama waambiwe, na ni nani katika familia utakayeendelea kuwasiliana naye. Andika majibu yao neno kwa neno. Aliyefiwa asubuhi hakumbuki jioni alichokubali, na wewe hutakumbuka ulichosikia.

Anza na wafanyakazi na wanaojitolea waliokuwa naye kila siku, pamoja na mwenyekiti wa bodi. Wafuate wanachama waliokuwa karibu naye, kisha vikundi vizima, kisha wafadhili, na umma mwisho. Wa karibu waambiwe kwa sauti, ana kwa ana au kwa simu. Ujumbe wa maandishi humkuta mtu peke yake chumbani saa nne usiku, na hujui amekuwa na siku ya namna gani.

Maneno yenyewe yawe mepesi na ya kweli. Sema "amefariki". Usiseme "alichoka kupambana", kwa sababu kuna watu mbele yako wamechoka vilevile, na kauli hiyo inawaonyesha kwamba uchovu wao una mwisho mmoja tu. Kama kifo kimetokana na ugonjwa na familia imeridhia, kitajwe: "amefariki kutokana na anoreksia." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ndivyo inavyokuwa: kinachofichwa hugeuka uvumi, na uvumi huwa na maelezo mengi kuliko ukweli.

Maelezo hayo ndiyo ya kuyafungia mlango. Sababu inaweza kutajwa, lakini undani hapana. Usitaje uzito wake, alichokula au kutokula wiki za mwisho, wala njia kama alijiua, na usisambaze picha za siku alizodhoofika. Mtu mwenye anoreksia akisikia namba ya uzito wa marehemu hujipima nayo, na sauti ya ugonjwa humwambia kwamba yeye bado hajaumwa vya kutosha. Nimemsikia mwanachama akilisema hilo kwa maneno hayo hayo, huku akilia, siku ya tatu ya msiba.

Ujumbe wa kwanza kwa vikundi unaweza kuwa hivi:

"Wapendwa, kwa majonzi makubwa tunawajulisha kwamba mwenzetu amefariki dunia jana usiku. Familia yake imeridhia tuwaambie. Kikundi cha leo kipo saa ile ile, na tutakuwa wawili wa kuwapokea. Kama unaona vigumu kula leo, au unaogopa kubaki peke yako, piga namba hii sasa hivi, usisubiri kikao."

Hatua ya 2: Orodha ya majina ndani ya siku mbili

Kaa na mtu mmoja mnayeaminiana, mfungue daftari la wanachama, mpitie jina moja moja. Swali ni hili: msiba huu unamgusa huyu kwa kiasi gani, na wiki iliyopita alikuwa katika hali gani? Weka alama kwa waliotoka hospitali karibuni, walioanza kuumwa tena, waliowahi kujaribu kujiua, waliokuwa na marehemu kwenye wodi moja au kikundi kimoja, na wanaofanana naye kwa umri au kwa ugonjwa. Wote hao wapigiwe ndani ya saa 48. Gawaneni majina, na kila simu iandikwe nani kapiga na nini kimeamuliwa.

Natilia mkazo hapa kwa sababu anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na mwili si njia pekee inayoulia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 36, ulionyesha kwamba kati ya kila watu watano waliofariki wakiwa na anoreksia, mmoja alijiua. Kwa hiyo uliza waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa wengi ni ahueni kwamba hatimaye mtu kaweza kulitamka. Akijibu ndiyo, usikate simu. Muulize kama ana mpango na kama ana cha kutumia, mbaki naye mpaka mtu wa karibu afike, na mfikisheni kwenye huduma ya dharura.

Kuna dalili za mwili ambazo kila anayepiga simu azijue kwa moyo: kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kushindwa kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, kutapika mara nyingi kwa siku. Anayetapika sana hupoteza potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika hata kama mtu anaonekana mzima na uzito wake ni wa kawaida. Huyo anahitaji kipimo cha damu leo, si ushauri nasaha wiki ijayo.

Na yule aliyekaa siku nyingi bila kula, msijaribu kumlisha nyumbani kwa upendo wenu. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, fosfeti, madini mengine yaliyo kwenye damu, huweza kushuka kwa kasi na moyo ukashindwa kazi. Huyo aende hospitali, akale chini ya uangalizi.

Hatua ya 3: Linda saa, linda mlo

Kikundi kisifutwe. Nalisema hili nikijua wengi watataka kukifuta kwa heshima ya marehemu. Kwa mtu anayepona, saa ya kikundi ni kama nguzo ya nyumba. Ukiing'oa siku ya tufani, usishangae paa likiondoka. Kama ukumbi haupatikani, kutaneni kwingine. Kama mwongoza kikundi hawezi, awekwe mwingine, na wawepo wawili, mmoja akae karibu na mlango ili anayetoka akilia asitoke peke yake.

Kiti cha marehemu kilitusumbua sana. Mmoja alitaka kibaki wazi milele, mwingine alitaka kitolewe kabla watu hawajaingia. Tuliwauliza wenyewe. Waliamua kibaki kwa vikao vinne, kisha mduara upunguzwe. Kikao cha tano tulipanga viti pamoja, kila mmoja akasogeza chake, na pengo likazibwa na mikono yao wenyewe. Sikuwa nimepanga iwe hivyo. Tangu siku hiyo naamini uamuzi wa namna hii ni wa kikundi. Kiongozi kazi yake ni kuuliza swali kwa wakati.

Mwongoza kikundi afungue kwa kusema ukweli kwa sentensi mbili, aeleze kwamba leo watu wanaweza kulia, kunyamaza, hata kucheka, kisha aulize, "Leo tutakula nini, na nani?" Swali hilo lisionekane dogo mbele ya kifo. Huzuni huua hamu ya kula kwa mtu yeyote. Aliyefiwa akikosa kula siku mbili, majirani humbembeleza na hamu hurudi. Aliyewahi kuumwa akikosa kula siku mbili, zile siku mbili zinaweza kumpa utulivu wa uongo anaoujua vizuri, na siku ya tatu hataki tena kubembelezwa. Kwa wengine upepo huvuma upande wa pili: huzuni humpeleka mtu kwenye kula bila kusimama, kisha aibu, kisha kutapika. Wote wawili wasaidiwe kwa mpango ule ule wa saa za mlo waliokuwa nao kabla ya msiba, ufuatwe bila kujali hamu ipo au haipo. Wakati wa msiba njaa si saa ya kutegemea.

Hili linawahusu na wanabodi waliozoea kujiona hawahusiki. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza jaribio kwa vijana 36 wa kiume wenye afya njema, ambao walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Hawakuwa na matatizo ya ulaji hata kidogo. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, akili zikashindwa kutulia kwenye jambo moja. Njaa peke yake iliwabadilisha. Sasa fikiria bodi iliyokaa siku nne kwenye msiba, inakula kwa kudokoa, halafu inakutana usiku kuamua mustakabali wa asasi. Weka kanuni: hakuna kikao kinachopita juu ya saa ya kula, na anayeongoza kikao aonekane akila. Wanaojitolea wanakutazama. Kiongozi anayesema "mimi nitakula baadaye" siku tano mfululizo anawafundisha jambo bila kujua.

Hatua ya 4: Waliopona na wanaohudumu

Mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii ningeibandika juu ya meza ya kila anayesimamia wahudumu waliopona. Kovu lao ndilo linalowafanya wawe wahudumu wazuri. Mpigaji simu anasikia kwenye sauti kwamba huyu anajua. Kovu hilo hilo ndilo litakaloguswa kwanza.

Laiti mngekuwa na makubaliano ya maandishi kabla ya msiba, yanayosema dalili zangu za kurudi nyuma ni zipi, nani ana ruhusa ya kuniambia ameziona, na nikiambiwa nitafanya nini. Kama hamkuwa nayo, yaandikeni wiki hii, kila mtu na yake, kiongozi akitangulia. Ukurasa mmoja unatosha.

Anayeonekana kuyumba aondolewe kwenye simu na kwenye vikundi kwa muda, lakini asiondolewe kwenye asasi. Mpe kazi isiyomkutanisha na maumivu ya wengine, mwalike kwenye mikutano kama kawaida, na mpangie tarehe ya kuzungumza tena ili asihisi ametupwa. Mazungumzo yenyewe yafanyike faragha. "Umekula?" ikiulizwa mbele ya watu ni hukumu. Mkiwa wawili, sema ulichokiona kwa macho yako: "Dada, wiki hii sijakuona mezani, na jana ulinijibu kwa ukali ambao si wako. Nina wasiwasi na wewe. Mshauri wako anajua?" Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Tafuteni mshauri nasaha wa nje awe anakaa na wahudumu angalau kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Awe mtu wa nje kweli. Mshauri wa ndani naye amefiwa.

Mtasikia sana habari za hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali), kana kwamba ni ngazi ya kupanda. Hatua hizo zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakikabili kifo chao wenyewe, na hazikuwahi kuwa ratiba ya waliobaki. Kinachonisaidia zaidi ni maelezo ya watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara anazama kwenye alichopoteza, mara anageukia maisha yanayotakiwa kuendelea, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Anayelia asubuhi na kupanga ratiba ya mafunzo mchana si mnafiki. Wala anayepanga ratiba leo hajamaliza kulia.

Hatua ya 5: Wewe je?

Taja majina mawili kwenye karatasi: mtu utakayemwambia kila kitu, na mtu mwenye mamlaka ya kukuambia upumzike. Wasiwe mtu mmoja, na wa kwanza asiwe mfanyakazi wako. Kama na wewe una historia ya ugonjwa huu, mwenyekiti wa bodi aijue, na akubaliane nawe mapema nani atashika usukani ukiyumba. Mimi nilichelewa kufanya hivyo kwa miezi mitatu, kwa kudhani kiongozi akikiri udhaifu nyumba itaanguka. Nyumba ilitikisika kwa sababu ya kunyamaza kwangu: watu waliona napungua, wakaogopa kuuliza.

Hatua ya 6: Mambo ya ofisi

Haya ni ya haraka, yafanyike ndani ya wiki ya kwanza. Nani ana funguo. Nani anajua nywila za barua pepe, za kurasa za mitandao na za daftari la wanachama. Nani ni watia saini benki, na wamebaki wangapi. Mishahara inalipwa lini. Ripoti gani kwa wafadhili au kwa msajili inakaribia. Katiba ya asasi inasemaje kuhusu kaimu kiongozi. Bodi imteue kaimu kwa maandishi, kwa muda maalumu, hata kama kila mtu anajua ni nani.

Simu ya marehemu ishughulikiwe kwa uangalifu wa pekee. Mwanzilishi wetu alikuwa akipokea jumbe za wanachama kwenye simu yake mwenyewe, na wiki nzima ziliendelea kuingia zikimwomba msaada, nyingine kutoka kwa watu ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari letu. Simu ilikuwa mikononi mwa familia. Tuliwaomba kwa unyenyekevu tukae nao, tujibu kila ujumbe, tumhamishie kila mtu kwenye namba ya asasi, kisha tukawarudishia simu yao bila kubaki na nakala. Siri za wagonjwa hazirithiwi na familia ya mhudumu, wala picha za familia si mali ya asasi. Tangu hapo kwetu hakuna anayehudumia mtu kwa namba yake binafsi.

Hatua ya 7: Wafadhili na waandishi wa habari

Wafadhili waandikie barua fupi: nini kimetokea, nani anakaimu, huduma zipi zinaendelea, lini watapata taarifa kamili. Wengi watakubali kusogeza tarehe ya ripoti ukiomba mapema. Usiwaahidi kwamba hakuna kitakachobadilika.

Kwa waandishi, msemaji awe mmoja. Kabla ya mahojiano wape masharti: bila uzito, bila picha za kudhoofika, bila maelezo ya njia ya kifo, na habari iishie na namba ya msaada. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwa vyombo vya habari kuhusu kuripoti kujiua, na unasisitiza hayo hayo kuhusu njia na mahali. Utaje mwongozo huo, utasikilizwa zaidi kuliko ombi lako binafsi. Mwandishi akikataa, hakuna mahojiano. Usimtoe mwanachama mwenye maumivu mabichi asimulie mbele ya kamera, hata akijitolea mwenyewe. Mwambie mwaka kesho akitaka bado nafasi ipo.

Hatua ya 8: Mabadiliko, na kasi yake

Baada ya mazishi utasikia msukumo wa kubadilisha kila kitu. Wapo watakaotaka jina jipya, wapo watakaotaka kuungana na asasi nyingine, na wapo watakaosema ofisi ihame kwa sababu kuta zinamkumbusha. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja weka ambayo yasipoamuliwa mwezi huu mtu ataumia au asasi itavunja sheria au itafilisika. Upande wa pili weka mengine yote, na uandike tarehe miezi sita mbele ndipo yatakapofunguliwa. Utashangaa jinsi upande wa kwanza ulivyo mfupi.

Yale yasiyosubiri, kama fedha zimekatika na huduma moja ifungwe, yafanyike kwa utaratibu. Mwaka 2023 shirika la Marekani la NEDA, linaloshughulika na matatizo ya ulaji, lilifunga laini yake ya msaada iliyokuwa imehudumia watu kwa zaidi ya miaka 20. Siku chache kabla ya kufungwa, programu ya mazungumzo ya kompyuta iliyoitwa Tessa, ambayo wengi walielewa kwamba ndiyo ingeshika nafasi, ilionekana ikiwapa watumiaji ushauri wa kupunguza uzito, na ikaondolewa. Sisemi hili kuwahukumu wenzetu. Laini za msaada ni ghali, na wanaozipokea huchoka mno. Nalisema kwa sababu linaonyesha hatari ilipo: pale huduma moja inapoondoka na nyingine kuingia, mtu mgonjwa yuko katikati, na ushauri ambao kwa mwingine ungekuwa wa kawaida kwake ni sumu.

Kwa hiyo, huduma mpya ijaribiwe na watu waliowahi kuumwa, kwa maswali magumu wanayoyajua wao, kabla ya mgonjwa hata mmoja kuelekezwa huko. Huduma ya zamani na mpya ziende pamoja kwa muda. Wahudumu waambiwe kabla ya umma, na wasikilizwe kweli, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani atapotea njiani. Kila anayetumia huduma inayofungwa apewe jina la mtu na siku ya miadi mahali pengine. Namba ya simu peke yake haitoshi. Na tarehe ya mwisho ikitangazwa isisogezwe huku na huku, kwa sababu anayesubiri pigo haponi.

Tambua pia kwamba mabadiliko yenyewe ni msiba, hata yakiwa mazuri. Tulipohamia kwenye jengo kubwa lenye mwanga, mwanachama mmoja alikataa kuja kwa mwezi mzima. Nilidhani ni ukaidi. Aliponieleza, alisema kwenye chumba cha zamani kulikuwa na alama ukutani karibu na dirisha, na mlo wake wa kwanza mbele ya watu aliumaliza akiikodolea macho alama ile. Jengo jipya halikuwa na pa kutazama. Tulikwenda naye siku ya kuhama rasmi, akaagana na ukuta. Kila mabadiliko mnayoyapanga, ulizeni: hapa kuna nini ambacho mtu alikishikilia ili apone? Mkikipata, mpeni nafasi ya kukiaga.

Hatua ya 9: Kumbukumbu isiyomdhuru aliye hai

Msiharakishe mnara. Kumbukumbu za namna hii zina mtego: marehemu hupambwa mpaka ugonjwa wenyewe unaonekana mzuri, na msichana wa miaka 15 aliyejificha nyuma ya ukumbi anajifunza kwamba ukifa hivi utapendwa na wote. Mkumbukeni kwa vitu vyake: alivyocheka, alivyokuwa akichelewa, kitabu cha hesabu alichokijaza kwa wino wa kijani, watu aliowashika mkono. Ugonjwa utajwe kama uliomchukua, usitajwe kama sifa yake. Picha iwe ya siku zake za uzima. Na kama mkutano wa kumbukumbu utakuwa na chakula, wanachama waelezwe mapema kitakuwa lini na cha namna gani, na pawepo meza ya wale wanaohitaji mtu wa kukaa naye.

Wekeni tarehe zake kwenye kalenda ya asasi: siku ya kuzaliwa, siku ya kufariki, siku ya kikundi cha kwanza baada ya kifo. Wiki hizo ongezeni mtu mmoja kwenye zamu ya simu. Kwetu simu huongezeka siku tatu kabla, hata kwa wanaoapa kwamba wamesahau tarehe.

Hatua ya 10: Kumpokea kiongozi mpya

Kaimu asigeuzwe mrithi kwa mazoea. Tangazeni nafasi, hata kama mnampenda aliyepo, ili atakayekaa pale akae kwa kuchaguliwa. Katika usaili muulizeni aliyeomba jinsi anavyokabili siku mbaya, na nani humtunza. Asiyekuwa na jibu bado hajawa tayari, hata awe na shahada ngapi.

Akishaanza, mpeni miezi mitatu ya kusikiliza kabla ya kubadilisha chochote. Na nyinyi wa zamani mjizuie na ile sentensi, "Yeye asingefanya hivi." Iandikeni kwenye daftari, mkaisome na mshauri wenu. Sisi tuliisema mara nyingi mno kwa aliyekuja baada yangu, mpaka siku moja akasimama kikaoni akatuomba tumfundishe jinsi mwanzilishi alivyokuwa akifungua mlango Jumanne. Tukamweleza: anafika nusu saa kabla, anawasha taa zote, anaweka maji mezani, anakaa kwenye kiti kinachotazama ngazi ili amwone anayesita kupanda.

Jumanne iliyofuata alifika nusu saa kabla. Yule dada wa mfuko alikuwa wa pili kufika. Waliketi pamoja kwenye kiti kile kinachotazama ngazi, na walipoanza kuingia wengine, mfuko ulikuwa umeshafunguliwa.